Mita Mbili za Fitina

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea habari za dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Tamka, nami nitasoma taratibu, maana yeye hakupenda mtu anayemung'unya maneno, na sidhani kama leo ameanza kumpenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu alikuwa mfumaji, na kelele za mitambo zilimla masikio mapema, hivyo ukitaka kitu kwake ilikubidi umtazame usoni na kufungua mdomo neno kwa neno, la sivyo ulikaa bila jibu. Sisi wadogo tulichoka tukawa tunaonyesha kwa vidole, lakini dada hakuchoka, ndiye aliyeketi na baba jioni wakipapasa vipande vya vitambaa, baba akitaja naye akirudia, satini, drili, shifoni, mahameli.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akaenda chuo cha ushonaji, na mwaka 1976 akaajiriwa katika duka la vitambaa nyuma ya soko, kabla ya kufungua chumba chake mwenyewe chenye vyerehani vitatu na dirisha moja, ambamo wengi mlioketi hapa mlijifunzia kazi. Nyinyi ni mashahidi kwamba hakuna aliyeshika mkasi kabla ya kushika kitambaa macho yamefumbwa na kukitaja kwa jina lake, kwa sababu alisema ukikosea jina utakosea na pasi, na yule aliyeita nailoni pamba, ambaye simtaji, anakumbuka sketi ya mteja ilivyogandia kwenye pasi.

Katika duka lile, mwaka 1980, aliingia kijana mwashi ambaye leo ni shemeji yetu, ametumwa na shangazi yake bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, akawa analirudiarudia neno njiani lisimpotee, likamgeuka mdomoni, na alipofika mbele ya meza akaomba mita mbili za fitina. Duka zima lilicheka isipokuwa marehemu, aliyemjibu kwamba fitina hapa hatuuzi, kaka, hiyo majirani wanatoa bure, kisha akamtamkisha mpaka neno likanyooka. Shangazi alipata bitana yake, ila kijana alirudi wiki iliyofuata kununua mita mbili nyingine, na iliyofuata tena, nasi tukajua kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981, bwana harusi akiwa ndani ya koti alilolishona bibi harusi kwa bitana ile ile, na Mungu akawajalia binti, ambaye ni mwalimu, na kijana, ambaye ni fundi umeme. Mbele ya wageni alimwita mumewe Baba Mwalimu, lakini mlango ukifungwa tulisikia, Fitina, chai inapoa, na hakuna mwingine aliyethubutu kulitumia jina hilo.

Tarehe 9 Juni 2022, akiwa kwenye cherehani, alipata kiharusi kilichomwachia mkono mmoja na kumnyang'anya maneno yote, na hilo lilituuma kuliko yote. Shemeji alijaza vipande vya vitambaa kwenye beseni, akawa anaketi kando ya kitanda kila asubuhi, anamwekea kimoja mkononi na kukitaja, na polepole pamba ikarudi, drili ikarudi, satini ikarudi, ila majina ya watu hayakurudi, la mtoto wala la mume. Shemeji si mtu wa kulialia, lakini alimwambia binti yake kwamba angependa kuitwa mara moja tu, hata kama ni kwa kugombezwa.

Januari mwaka huu, mhudumu anayefundisha wagonjwa kusema alimwekea mkononi kipande cha bitana, akamuuliza hiki ni nini, marehemu akakipapasa kwa muda mrefu, akasema, "Fitina." Mhudumu akamsahihisha kwa upole, bitana, mama, sema bitana, naye akatikisa kichwa, akageuza macho kwa mumewe aliyesimama mlangoni, akarudia, "Fitina." Mhudumu alihesabu kuwa amekosea. Shemeji alitoka nje akashika ukuta, na hatukumfuata.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mhudumu yule, ambaye yupo hapa na hana kosa lolote kwetu, majirani, mafundi wenzake waliofunga kazi leo, na wanafunzi wake walioshona vazi alilolala nalo, wakalitia bitana ingawa hakuna atakayeiona.

Pumzika kwa amani, dada. Fitina wako ameketi kiti cha mbele, amevaa lile koti, nasi tunamwita shemeji, baba, babu, mzee, lakini jina lake umeondoka nalo.