Kadi Iliyolala kwa Malaika

Jumatano, tarehe nane Januari, saa nne asubuhi, mzee Toma Chollom, Da Toma kwa heshima ya kwao, alikunywa vijiko vitatu vya uji wa nafaka ndogo iitwayo acha, akakataa cha nne, akaomba sanduku lake.

Bintiye Kaneng alijua ni sanduku gani. Lilikuwa la mbao, la kampuni ya bati iliyofungwa zamani, lenye vyumba kumi na viwili ambamo mafundi wa mgodi waliwekea sampuli za mchanga. Baba yake alikuwa akitunza kadi humo tangu kabla Kaneng hajazaliwa. Kila kadi ilikuwa na aya moja ya Maandiko, na kila chumba kilikuwa na jina: Mungu, Mtu, Dhambi, Kristo, Kanisa, Malaika, mpaka Mambo ya Mwisho. Kwa sanduku hilo alifundisha theolojia ya utaratibu katika chuo cha wachungaji kwa miaka arobaini.

Kaneng aliliweka kitandani, chini ya mkono wa baba yake. Kaka yake Davou, ambaye sasa ndiye mwalimu wa somo hilo na mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, aliketi upande wa dirishani. Nje, vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeficha miamba na nusu ya ua wa minyaa.

"Baba, daktari kasema usiongee sana," Davou alisema.

"Daktari mwenyewe hanyamazi," mzee alijibu. "Kaneng, shika kalamu. Andika ninavyosema, usinirekebishe. Kaka yako atanirekebisha baadaye, ndicho alichosomea."

Kaneng aliandika hivi.

Wanangu, sogeeni, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Nianze na madogo, yasije yakawagombanisha. Nyumba hii ni ya Kaneng, aliyeacha kazi yake mjini akaja kunipikia, na wewe Davou usiniletee habari za mtoto wa kiume, kwa kuwa aliyenigeuza kitandani miaka miwili ni yeye. Vitabu vyangu vipelekwe chuoni. Pikipiki apewe yeyote asiye na haraka, breki zake mnazijua. Sanduku ni lako, Davou, kwa sharti nitakalolitaja. Shamba la viazi kando ya bwawa la mgodi siligawi, kwa sababu si langu, na mtasikia ni la nani.

Tangu Krismasi naota ndoto moja, na sasa haingoji tena nilale. Navuka lile bwawa kwa miguu, maji yamenibeba kama sakafu ya darasa, sanduku liko kichwani. Kadi zinatoka zenyewe, moja baada ya moja, zinajilaza juu ya maji wala hazilowi, nami nazisoma nikipita, na kila ninayoisoma inawaka kidogo kana kwamba kuna taa chini yake. Nyuma yangu anakuja baba yangu na viatu vyake vya mgodini, matope yake yanaanguka juu ya kadi, na hayaachi alama. Ng'ambo amesimama mwanamke mwenye kuku kwapani. Namngoja anitukane. Hanitukani. Ananiambia, "Toma, moja imebaki," kwa sauti ile ya kuniita nije nile, na mimi nafumbua macho.

Mwanamke huyo mnamjua. Ni Ngo Kangyang, mama wa shangazi yenu Yop, yule bibi wa miaka tisini na miwili anayekaa kila Jumapili kwenye benchi la wanafunzi wa ubatizo pamoja na watoto wa miaka kumi. Mmekua mkimwona pale, mkadhani kila kanisa lina bibi wa namna hiyo.

Lakini kwanza niseme somo hili ni la nini, maana bila hilo hamtaelewa nilichofanya. Kila mwaka, siku ya kwanza, nililiuliza darasa swali hilo. Mwaka mmoja kijana aitwaye Gwom alisimama akasema, "Mwalimu, ni ili tukibishana na wale wa kanisa la ng'ambo ya barabara, wakimbie." Darasa likacheka, nami nikacheka, kisha nikawatoa wote nje, ambako mama mmoja muuza kunu, kinywaji cha nafaka, alikuwa akingoja tangu asubuhi. Mtoto wake alikuwa amekufa akiwa na siku sita, naye alitaka kujua yuko wapi. Nikamwambia Gwom, "Haya, mkimbize."

Swali lile tulilifanyia kazi siku nne. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha: swali liwe na mwenyewe, na jina lake liandikwe juu ya kadi ya kwanza, muombe kabla ya kufungua kitabu, kwa kuwa mnayemtafuta yumo chumbani na anawasikia, kisha mkusanye kila mahali Maandiko yanapoligusa jambo hilo, hata pale msipopapenda, kila aya kwenye kadi yake, msome kila aya nyumbani kwake, pamoja na majirani zake wa juu na wa chini, mzitandaze sakafuni, na zinazogombana mziweke pamoja mpaka mjue zinagombania nini, muulize waliotutangulia walizielewaje, na mwisho kabisa, magoti yakiwa yanauma, ndipo mwandike sentensi moja, mkaipeleke kwa mwenye swali na kumtazama usoni mnapomsomea. Siku ya nne sakafu ilikuwa na kadi kumi na moja, na ya kumi na mbili tupu. Ile tupu ilikuwa ya yale ambayo Mungu hakutuambia. Tulimsomea mama yule zote, na tupu tukamwonyesha. Alisema, "Kumbe hata ninyi hamjui yote," akaketi chini, akalia mpaka akamaliza, akatugawia kunu yote iliyobaki. Ndiyo kazi ya somo hili. Tunasoma ili tumjue Mungu kama alivyojieleza mwenyewe, tumwabudu yeye badala ya matakwa yetu, na mwenye swali apate pa kuketi.

Sasa sikieni langu. Mwaka niliorudi kutoka masomoni nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na baba yangu, Da Chollom, mchimba bati, aliomba kubatizwa. Alikuwa na wake wawili: mama yangu, Ngo Vou, na Ngo Kangyang, aliyekuja katika ua wetu nikiwa na miaka mitatu, akanibeba mgongoni mpaka nikaanza kuona haya. Wazee wa kanisa wakaniambia, "Wewe ndiye uliyesoma. Tukusanyie neno." Nikajifungia. Nikaandika kadi ishirini na nne. Nyingi zilisema mume mmoja na mke mmoja tangu mwanzo, na hizo sizifuti hata leo. Lakini moja ilikuwa ya nabii, pale Mungu anaposema anachukia mtu kumfukuza mke aliyefanya naye agano. Niliishika ile kadi muda mrefu. Kisha nikaiweka kwenye chumba cha Malaika, kwa sababu wanafunzi hawaulizi sana habari za malaika.

Mnauliza kwa nini. Jibu nilikuwa nalo kabla ya swali. Utotoni nilimsikia mama yangu akilalamika jikoni juu ya mke mwenzake, mara chungu, mara chumvi, na nikaapa kwamba nikikua nitamsafishia ua. Hilo ndilo nililoliita theolojia.

Karatasi yangu, iliyomtaka Baba abaki na mke mmoja ndipo abatizwe, ilisomwa Jumapili. Baba akatii. Ngo Kangyang alitoka na fungu la nguo, kuku mmoja, na Yop wa miaka minne, na aliponipita mlangoni alisimama akanirekebisha kola ya shati. Jioni nikaenda kwa mama nikitaraji anishukuru. Alikuwa mbele ya rundo la acha. Nikamwambia, "Mama, nimefanya kwa ajili yako." Akasema, "Nilikutuma? Yule nilikuwa namteta kama mtu anavyomteta dada yake. Sasa nani atapepeta hii acha na mimi, wewe na karatasi zako?" Akanisogezea ungo. Kila nilipofika kwake, mpaka alipokufa, alinisogezea ungo bila neno.

Ngo Kangyang naye aliomba ubatizo. Baraza likamuuliza, kwa maneno niliyoyaandika mimi, kama anatubu kuwa mke wa Chollom. Akajibu, "Nitubu nini? Mbuzi alitoa, majembe alitoa, baba yangu akapokea. Ningekuwa nimemwiba, ningetubu." Wazee wakaficha vicheko, kisha wakamwambia akakae benchini mpaka atakapojibu vizuri. Amekaa miaka hamsini.

Davou, usiangalie dirisha. Najua karatasi ile unaifundisha, na mmeitia kwenye kijitabu chenye picha yangu. Utaniambia kadi ishirini na tatu bado zinasimama. Zinasimama. Sijui tungefika wapi tukiwa na zote. Labda Baba angebatizwa na wote wawili wakabaki uani, labda lingepatikana jambo gumu zaidi. Ninachojua ni kwamba swali lile halijajibiwa mpaka leo, kwa sababu aliyepewa kulijibu aliogopa kadi moja. Mwaka wa kwanza niliona aibu. Mwaka wa kumi nilikuwa mkuu wa chuo. Baada ya hapo nilipita mbele ya benchi lile kila Jumapili nikiwasalimu watoto. Fungueni chumba cha Malaika. Ya nyuma kabisa.

Hapo Kaneng aliweka kalamu chini na kufungua. Kadi ilikuwa imegeuka njano pembezoni. Davou aliisoma kimya, akaisoma tena.

"Baba, unajua baraza litasema nini?"

"Baraza ni wewe."

"Watasema tumefundisha uongo miaka hamsini."

"Wakisema hivyo, waambie wameelewa upesi kuliko mimi. Kaneng, andika, pumzi inakwisha."

Davou, sharti ndilo hili. Kadi hii irudi mahali pake, kwenye chumba cha Kanisa, pamoja na zile nyingine, na swali lifunguliwe upya mbele ya wazee. Lakini kabla haijarudi, ipeleke kwake, leo, ukamsomee. Usimpelekee maelezo. Na lile swali la kutubu ndoa yake msimuulize tena kamwe. Muulizeni mnalowauliza watoto, kama anamwamini Yesu, halafu mnyamaze mumsikilize. Shamba la bwawani ni la Yop. Baba alimkatia mama yake, nami nimekula viazi vyake miaka yote hii. Darasani, kila mwaka, siku ya kwanza, uwaonyeshe kadi hii na uwaambie ilikuwa wapi, na nani aliiweka. Usinifiche.

Mnizike bila sifa nyingi. Mungu awape magoti ya kupiga mbele yake hata mkizeeka. Awape maswali yenye majina ya watu. Kaneng, mikono yako... aibariki mikono yako. Davou, akupe ujasiri ambao mimi... Sogezeni taa. Hapana, iacheni, kumeshakucha. Sakafu yote nyeupe. Mnaona zisivyolowa... Moja, mama. Moja tu. Inakuja...

Hayo ndiyo ya mwisho Kaneng aliyoyasikia vizuri. Davou aliondoka saa sita na nusu, kadi ikiwa mfukoni mwa shati, akazunguka bwawa kwa miguu. Alimkuta Ngo Kangyang ameketi juani mbele ya nyumba ya kaka yake, miguu ndani ya blanketi. Yop alikuwapo, na baadaye yeye na Davou walimweleza Kaneng mambo yale yale.

Davou alisoma. Bibi akasema, "Soma tena." Akasoma tena.

"Ilikuwa wapi siku zote hizo?"

"Baba aliificha, Bibi. Kwenye chumba cha Malaika."

Bibi alicheka mpaka Yop akamshika bega. "Malaika wavivu hao! Miaka hamsini kuleta karatasi moja!" Kisha akailaza kadi juu ya goti lake na kuifunika kwa kiganja. "Toma amekula?"

"Vijiko vitatu."

"Mwambie mwanangu ale."

Davou alirudi saa kumi na dakika ishirini. Baba yake alikuwa amefariki saa tisa na dakika arobaini.

Baraza lilikutana tarehe kumi na tano. Davou alisoma alichoandika Kaneng, bila kuruka mstari. Wazee saba walikubali Ngo Kangyang aulizwe swali la watoto, wawili walikataa. Aliulizwa, akajibu.

Jumapili, tarehe ishirini na sita, kulikuwa na baridi, na wazee wakapendekeza amwagiwe maji ya birika. "Nimengoja miaka hamsini," alisema, "baridi itanifanya nini?" Saa tatu asubuhi Davou na wazee wawili walimbeba kwenye kiti cha plastiki, wakaingia naye bwawani mpaka maji yakamfika kifuani, wakambatiza. Yop alimkausha na kumbadilisha nguo. Saa tano, mkate wa Bwana ulipofika benchi la pili la waliobatizwa, Ngo Kangyang aliuchukua.