Glasi ya Kwanza ya Bia Nyeusi

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe Kabiru zima hiyo simu, mnunuzi wako wa Nairobi hatatoroka, atangoja mpaka nimalize. Daktari amenirudisha nyumbani, na mnajua kwa nini daktari humrudisha mzee nyumbani, kwa hivyo tusidanganyane. Kesho kutwa mnataka nitie sahihi kiwanda chetu cha bia kiuzwe, na kalamu mmeshaniwekea hapa kando ya dawa. Nimeiona. Lakini kabla sijaishika kuna jambo nimelificha miaka kumi na moja, na leo nitalisema hata kama mtanichukia.

Mnamtazama huyu mama aliyeketi karibu na mlango mkijiuliza ni nani amemwalika katika mambo ya familia. Ni mimi. Anaitwa Nakhungu, ametoka Kabuchai asubuhi hii, na Walubengo huyu anayetupikia bia kila siku ni mwanawe wa kumzaa. Wewe Wamboi unamkumbuka kidogo, ulikuwa bado shule. Kabiru ulikuwa chuo kikuu, hukuwa na habari na sisi. Msimwangalie hivyo. Amekuja kwa sababu nimemtumia ujumbe mara tatu, na mara mbili alikataa.

Mimi ndiye niliyewasimulia miaka yote hii kwamba bia yetu nyeusi ilitoka Ayalandi, kwamba marehemu Fintani alirithi mapishi yake kwa babu yake na kunirithisha mimi. Sasa imeandikwa hivyo kwenye karatasi za mnunuzi, na ndicho anachonunua. Wanangu, ni uongo, na uongo huo ni wangu.

Ni kweli Fintani alitoka Ayalandi kuja hapa Kitale kufundisha vijana kutengeneza trekta, na ni kweli alikodisha stoo yangu ya mahindi akaweka mapipa yake mawili akisema atapika bia ya kwao. Alikuwa mtu mwema sana, lakini bia yake ya kwanza ilikuwa mbaya hata nguruwe wa jirani waliikataa. Shayiri iliyokaangwa alikuwa akiiagiza ng'ambo, ikakaa bandarini miezi mitatu, ikatufikia imeota ukungu. Huyu Nakhungu wakati huo alikuwa akituoshea chupa. Siku moja alituangalia tumeinamisha vichwa, akasema, "Si mkaange tu wimbi, bana?" Akaloweka wimbi, huo ulezi wetu, mpaka likachipua, akalianika, akawasha moto chini ya bati kama walivyofanya kwao wakipika busaa, pombe yao ya nafaka, akaligeuza kwa koleo asubuhi nzima mpaka likawa rangi ya kahawa. Fintani alipoonja bia ya wimbi hilo aliketi juu ya gunia akalia mbele yetu, akasema hiyo ndiyo ladha ya nyumbani kwa baba yake. Tangu siku hiyo hatukuagiza gunia hata moja kutoka ng'ambo.

Hapo ndipo tulipoanza kukua, tukatoka stoo tukafungua baa mjini Kitale, watu wakawa wanatoka Eldoret kuja kuinywa, tukaongeza mapipa, tukaweka lebo yenye jina la Fintani, na mwishowe tukapata lile jengo la Bungoma lenye veranda. Fintani hakuliona likifunguliwa. Aliugua akarudi kwao akafia huko, akaniachia sehemu yake yote na neno moja tu, kwamba nisimwache Nakhungu nje. Nilimwitikia kwa simu, ndiyo, ndiyo, rafiki yangu.

Sasa sikieni nilivyolitimiza. Mnajua baba yangu alikunywa shamba letu la kwanza likaisha, na mama yangu alipokuwa kitandani kama mimi leo aliniapisha sitatia pombe kinywani. Nikaapa. Sikuapa kwamba sitaiuza, na hayo ni kati yangu na Mungu. Basi siku ya kufungua baa ya Bungoma, adhuhuri, wazee wa huko wameketi, kila mmoja ana glasi mbele yake, na hakuna anayegusa. Walikuwa wakiningojea. Kwao mtu akipika pombe yeye ndiye huionja mbele ya wageni, ili wajue haina sumu na wajue ni ya nani. Nimeishi na watu hawa tangu ujana, desturi hiyo niliijua, lakini nilisimama pale na suti yangu na soda mkononi. Mzee mmoja akasukuma glasi yake kando, akasema, "Kama mwenyewe anaogopa, mimi ni nani?" Ndipo Nakhungu akatoka jikoni, akafuta mikono kwa leso, akachukua glasi akanywa nusu yake, na wazee wakapiga makofi wakanywa. Mchana wote walikuwa wakimwamkia yeye kama mwenye baa. Mimi wakaniuliza kama ni gari langu lililoziba njia.

Angekuwa mtu mwingine angecheka. Mimi nilishikwa na hasira, na Jumatatu nikamfukuza kazi. Mwezi haukuisha bia ikaharibika, nikatuma watu Kabuchai wakambembeleze. Yeye mwenyewe hakurudi. Alimtuma Walubengo, tayari amemfundisha, na kijana huyu amekaanga wimbi letu miaka kumi na moja bila kuniuliza swali.

Keti, Kabiru. Nimesema keti! Wakili alikuja Jumanne mkiwa shambani, na nusu ya kiwanda sasa ni ya Nakhungu kwa jina lake. Imeshafanyika, hata ukipiga meza. Nusu iliyobaki gawaneni wewe na dada yako, na ukitaka kuuza fungu lako uza, lakini mnunuzi aambiwe mapishi haya ni ya Kabuchai, na akikasirika aende zake. Wamboi, baa ya Bungoma ishike wewe, na usimcheke kaka yako, hasira hiyo ameitoa kwangu.

Mnizike hapa karibu na mama. Pasta atataka kusema kwamba Kimotho hakuonja pombe maisha yake yote. Mkatazeni.

Walubengo, fungua ile chupa ya bia nyeusi uliyokuja nayo. Mimina. Si mimi, mpe mama yako. Mama Walubengo, onja mbele ya wanangu, wajue ni ya nani... Mbona hashiki? Anasema nini? Wamboi, anasema nini?

Ati niseme na ile nyingine.

Haya. Haya, mama. Nilidhani nitakufa nayo. Wanangu, siku ile nilipomfukuza, niliwaambia wafanyakazi wote ameiba gunia la wimbi. Nikamwambia hata chifu wa kwao. Hakuiba. Hakuiba hata punje. Nilimwita mwizi kwa sababu walimpigia makofi. Nisamehe, Nakhungu. Ukikataa pia... ni haki yako.

...Ameshika. Mnaona? Amekunywa.

Sasa niletee mimi. Wamboi, niinue kichwa. Mama yangu nitamweleza mwenyewe, si mbali tena... Polepole. Ni chungu, kumbe. Chungu, halafu... Fintani, kumbe hii ndiyo ulikuwa unalilia.

Ondoeni hiyo kalamu. Mungu awalinde, wanangu, wewe Kabiru, na Wamboi, na Walubengo pia, nimemhesabu. Msigombane... Kabiru, njoo. Pokea glasi. Hapana, si kwangu... mkono wangu hauna kitu. Pokea kwa Nakhungu. Kwa mikono miwili.