Mzee Thibitisha na Nusu Mbili za Maneno ya Siri

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti yake wa pekee, nasoma haraka kwa sababu mtoto mgongoni ataamka wakati wowote, na kwa sababu naogopa, mtanisamehe.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, wa pili kati ya watoto saba, akamaliza sekondari mwaka 1986, akasomea kompyuta, na tarehe 4 Februari 1991 akaajiriwa na kampuni ya bima, akapanda hadi kuwa mkuu wa usalama wa mitambo, akahakikisha kila kompyuta ina chipu inayoikagua kila inapowashwa kama bado ni ileile ya jana, ikichezewa hata kidogo haifunguki, ndiyo maana wenzake walimwita Mzee Thibitisha.

Alifunga ndoa na mama tarehe 12 Desemba 1992, wakanipata mimi mwaka 1998, na nilipoolewa mwaka 2019 alimhakiki mume wangu mlangoni kila Jumapili kwa miaka sita, jina, kazi, jina la mama mzazi, akisema Jumapili iliyopita alikuwa yeye lakini leo hatujui, na mume wangu alijibu kila mara, chakula kinapoa, mama anaguna.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu, akalazwa tarehe 3 Juni, akakataa sindano mpaka muuguzi aonyeshe kitambulisho, naye akaonyesha, na akatutoka Jumatatu tarehe 16 saa nne asubuhi.

Kesho yake fundi akabadilisha kipande kwenye kompyuta kuu ya kampuni, ikagoma kufunguka, ikadai maneno ya siri, wafanyakazi mia mbili wakabaki wanatazamana, na maneno hayo baba alikuwa ameyagawa, nusu kwangu, nusu kwa mtu ambaye aliandika tu kuwa amemhakiki kuliko wote, tukamuuliza mama, tukauliza baba wadogo wote, hakuna, nikaona jina la baba linazikwa na aibu, mpaka leo asubuhi, kwa kukata tamaa tu, nikamuuliza mume wangu, naye huku akinifungia mtoto mgongoni akasema, "Ninayo. Aliniambia nisiseme mpaka niulizwe."

Tunawashukuru madaktari, muuguzi yule wa kitambulisho, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake walioketi mbele na kompyuta mapajani, tafadhali msiinuke bado, mtapewa tukishazika, na mkurugenzi aje na kitambulisho.

Baba, mkweo amethibitika, sasa pumzika kwa amani.