Barua Tatu Nilizochoma Bila Kusomewa

Wamama, mulisema leo ni zamu yangu kusimama kutoa ushuhuda. Bon. Magoti yananiuma, kwa hiyo nitasema mfululizo.

Muda mufupi nyuma ya uhuru, bwana yangu alipata bourse, pesa ya masomo, ya kwenda Amerika kutafuta diplome ya juu. Hakwenda kusoma udaktari wala mashine. Alikwenda kusoma Waamerika wenyewe: vita vyao, mabuku yao, namna walivyowatendea watu weusi. Jirani zangu wauza samaki walisema, "Mutu anavuka bahari kusoma Wazungu? Si tumewafukuza juzi hapa?" Nikabaki na mutoto mugongoni na kitanda kipana.

Sikujua kusoma. Barua ikifika, papa mumoja, muzee katekista wa kanisa, alikuja kwangu, ananisomea, nasema jibu, anaandika, na adresi anaandika yeye. Siku moja akasoma: "Theluji imefunga mulango. Siku tatu sijasema na mutu. Darasani wananiuliza habari za nchi yao. Za kwetu hakuna anayeuliza. Nililia." Kesho yake sokoni, mwanamuke mumoja akaniuliza kama nimemutumia bwana leso ya kupangusa machozi.

Nikamufuata katekista. "Papa, kinywa chako ni kitunga chenye tundu."

"Mama, mimi sikusema kitu. Nyumba yako ukuta wake ni matete, jirani wanasikia yote."

Sikumusikiliza. Barua tatu zilizofuata niliziweka sandukuni, hazikusomwa. Nilisema afadhali nisijue kuliko nichekwe.

Halafu waasi wakaingia muji. Amerika ilisaidia serikali, kwa hiyo karatasi yoyote ya Amerika ilikuwa kifo. Walipofika nyumba ya nne kutoka kwangu, nilichoma zote chini ya sufuria ya pondu, majani ya muhogo. Donc adresi nayo iliungua. Katekista alikuwa amekimbilia kijiji cha Bengamisa.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilianguka. Vita vilipita, posta ikafungua, mimi nikabaki nimefungwa. Mutu akipiga hodi, sijibu. Mutoto wangu alijifunza kuongea na kuku. Mama mukwe akaja na wembe: "Mwanangu amekufa. Tufanye matanga, tukunyoe."

Nikamwambia, "Mama, unipe juma moja."

Nikatembea mpaka Bengamisa, siku mbili na mutoto mugongoni. Nilimukuta katekista anapalilia muhogo. Nikapiga magoti kwenye udongo. "Papa, nilikukosea."

"Simama, unavunja muhogo wangu. Karatasi iko?"

Ile adresi mukono wake ulikuwa bado unaijua. Tuliandika: "Tuko hai, mimi na mutoto."

Mama mukwe alikubali kungoja. Miezi ikapita, jibu likafika. Bwana yangu alisikia radioni habari za muji wetu, akaona barua hazijibiwi, akadhani tumekufa, akaacha masomo, akaenda kuosha sahani hotelini. Sasa alisema anarudi chuoni amalize. Alimaliza. Alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Simi-Simi na sanduku la mabuku, nywele nyeupe kidogo.

Nikamuuliza zile barua tatu zilisema nini.

"Ya kwanza nilikuomba uje. Ya pili, nilisema tiketi iko. Ya tatu, nilikuuliza nimekukosea nini."

Namushukuru papa yule, na mama mukwe aliyerudisha wembe wake mufukoni. Musiseme Amerika ilininyima bwana. Amerika iliniandikia mara tatu.

Mwenye barua nyumbani ambayo hajasomewa, ailete hapa Jumapili, siku ya mungu. Tutasoma mulango umefungwa, na mimi nitakaa mulangoni, mutu wa nje asisikie.