Milango Thelathini na Minane

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, wazee wetu, mama zetu, na ninyi watoto mliopanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, shukeni kwanza.

Sisi wakazi wa kijiji hiki cha bondeni tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua safari yako ilivyokuwa: saa tatu kwenye boti, kisha nusu saa ya tope, ambako kiatu chako kimoja kilibaki. Kiatu kimepatikana. Kinakaushwa, na utakabidhiwa kabla ya kuondoka. Wewe ni kiongozi wa kwanza kufika hapa ukatukuta. Tunasema "ukatukuta" kwa sababu wengine walishafika, na habari yao inafuata.

Anayesoma ni mimi, fundi cherehani. Kikao kilinichagua kwa kuwa mwandiko huu ni wangu, na kwa kuwa wenzangu wanadai sina haya.

HISTORIA FUPI

Babu zetu walifuata udongo mweusi wa bonde hili, na haujawahi kutuangusha. Mpunga unakubali, samaki hawakosekani. Shida yetu ni maji. Kila mvua kubwa zikija mto hupanda hadi vizingitini, nasi huhamia kwenye kile kilima unachokiona, tukakaa huko hadi miezi miwili.

Ndiyo maana milango yetu haina bawaba. Kila mlango umepachikwa kwa vigingi viwili, unang'oka mara moja, na una mishikio minne. Maji yakija, mlango ni chelezo cha wazee na mbuzi. Mtu akizidiwa, mlango ni machela. Fundi seremala wetu akipelekewa kazi haulizi upana wa nyumba. Huuliza, "Mzito kuliko wote humo ndani ni nani?"

Sasa tunaomba tukiri kosa letu. Miaka kumi na tisa iliyopita, katikati ya mafuriko, maofisa wa kuhesabu watu na kuchora ramani walikuja kwa boti. Walikuta nyumba thelathini na nane, na hata moja haikuwa na mlango. Sisi tulikuwa kilimani na milango yetu, tunawaona. Mzee mmoja, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, akasema, "Nyamazeni. Hawa wamekuja kutuhamisha." Tukanyamaza. Tuliwaziba watoto midomo, mbuzi tukawapa majani wasilie. Boti ikazunguka mara moja ikaondoka, nasi tukapongezana kwa ujanja wetu.

Katika karatasi zao waliandika neno moja: mahame, yaani kijiji kilichohamwa.

Mzee Redio ndiye yule wa mstari wa mbele, mwenye koti. Rasimu ya kwanza ya risala hii ilisema "baadhi ya wakazi". Tulipomsomea alikasirika. "Andikeni ni mimi," alisema. "Jambo hili nimekaa nalo kifuani miaka yote, leo ndio mnifiche mbele ya mgeni?" Basi tumeandika. Lakini siku ile hakuna aliyembishia, kwa hiyo kosa ni letu sote.

MAFANIKIO

Pamoja na kwamba hatupo, tumepiga hatua. Tuna darasa moja lenye watoto arobaini na mmoja. Mwalimu wao alikuja kumsalimia shangazi yake, mafuriko yakamzuia, na hadi leo hajapata sababu ya kurudi kwao. Kisima tumekiinua kwa mawe, maji machafu hayakiingii tena.

Aidha, tumejenga zahanati kwa mikono yetu. Ina vyumba viwili, sakafu ya saruji tuliyoileta mfuko mmoja mmoja kwa mtumbwi, kitanda, taa na ndoo mbili zenye mifuniko. Mlango wake ndio pekee hapa kijijini wenye bawaba na kitasa, maana huo hatutaki kuung'oa. Kinachokosekana ni muuguzi.

CHANGAMOTO

Tumeandika barua tatu kuomba muuguzi. Jibu lilikuwa moja: mahame hayapangiwi muuguzi.

Mwaka jana mdogo wangu alishikwa na uchungu, siku ya pili ikaingia hajajifungua. Tulimlaza kwenye mlango wake tukampeleka hospitali ya ng'ambo, mwendo wa siku nzima. Karani akafungua kitabu.

"Mnatoka kijiji gani?"

Tukamtajia.

"Hakimo. Hapo pameandikwa mahame."

Shemeji yangu akamwambia, "Dada, sasa huyu unayemwona amelala hapa katoka wapi?"

"Kaka, mimi naandika kilichomo."

Wakaanza kutafuta pa kumwandika, huyu anamwita yule, yule anamsubiri mkubwa wake. Alipokuja kuandikwa chini ya kijiji cha jirani, mtoto alikuwa ameshafariki. Karani tulimsema sana njia nzima. Kisha mmoja wetu akakumbuka ni nani waliosababisha kitabu kiandikwe vile, tukanyamaza mara ya pili. Iliniuma, mgeni rasmi, na bado inaniuma.

Mama mkunga wetu sasa haoni. Yeye mwenyewe anasema, "Nimebaki na vidole, na vidole navyo vinataka kustaafu."

MAOMBI

Hapa nina maombi saba, likiwemo la mnara wa simu na la nyavu za goli. Mniwie radhi, wanakamati, siyasomi yote. Binti wa mama mkunga ameninong'oneza sasa hivi.

Mgeni rasmi, kile kiti kitupu cha mstari wa pili ni cha mdogo wangu. Uchungu ulimwanza asubuhi, wakati boti yako inaingia. Mama mkunga alituambia bado kuna nafasi, tusome tu. Sasa ameleta neno jingine: "Mtoto amekaa vibaya. Acheni hotuba."

Meza uliyoandaliwa ni mlango wa mdogo wangu. Kitambaa hicho cha maua nilikishona mimi ili kufunika mishikio. Wale wanaume wanne waliosimama nyuma yako si walinzi.

Ombi letu ni moja. Msaidizi wako alituambia fomu ya kutuingiza kwenye daftari la vijiji imo mkobani na inangoja saini yako tu. Tunaomba utie saini sasa, hapo ulipo, kisha uinue glasi yako, tuuchukue mlango. Kwetu hadi hospitali ni siku nzima. Boti yako, iliyotoka ng'ambo hiyo hiyo, kwa maelezo yako mwenyewe ni saa tatu. Nakala ya fomu tunaomba iwe mkononi mwa shemeji yangu, ili karani akifungua kitabu pasiwe na mjadala.

Wewe utabaki kuwa mgeni wetu hadi boti irudi. Hotuba yako tutaisikiliza yote, hata ukiirudia. Kitanda cha kulala kipo, kile cha zahanati. Hakijalaliwa na mtu.

Mola akulinde, ailinde na boti yako njia nzima, na mkono utakaotia saini usipungukiwe na kitu.

Ni sisi wakazi mia mbili na kumi na wanne wa kijiji hiki, tuliokuwepo siku ile na tuliopo leo. Kabla jua halijazama, Mungu akipenda, tutakuwa mia mbili na kumi na watano.