Vichwa Kumi na Vitano

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, mguu wake mmoja ni tofali, mbele ya duka la vitabu. Nauza kahawa hapo, na wanywaji ni wale wale. Yuko Nyundo, fundi viatu wa mtaa mzima. Yuko Breki, dereva wa lori mstaafu. Na yuko Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata mbuzi. Alilinda geti la chuo miaka thelathini, elimu ikimpita puani asubuhi ikiingia, jioni ikitoka. Siku hiyo, saa tisa na nusu alasiri, mjukuu wangu alishuka mbio kutoka chumba cha juu ya duka. Yeye hukusanya humo watu wapendao mambo ya Kijapani, wakasoma hadithi za huko na kuzijadili. Mwenye duka alikuwa amemwambia: leo wasipotimia kumi na tano, chumba kinageuzwa stoo.

MJUKUU — Shikamooni, wazee wangu. Tuko kumi na wawili pamoja nami, na tunaanza saa kumi. Naomba vichwa vitatu tu. Kusoma nitasoma mimi, nyinyi mtasikiliza.

BREKI — Marahaba. Kwani sisi si wako? Tunakuja sasa hivi!

MJUKUU — Asanteni, babu zangu. Viatu mvue mlangoni, tumetandika mikeka ili tukae kama wao.

Alipopanda tu, benchi likapoa. Nyundo akaivuta miguu chini ya benchi kama kuku anayekusanya vifaranga.

NYUNDO — Mimi leo nina kazi nyingi.

MIMI — Kazi gani? Tangu adhuhuri umeshika kisigino kimoja.

NYUNDO — Kigumu hicho, Bi Mkubwa.

PROFESA — Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Maana yake, usipokwenda, huna kosa.

MIMI — Wahenga wakikusikia watafufuka wakuchape.

BREKI — Jamani, nimeendesha lori la Mjapani miaka ishirini na saba. Halikuniambia hata siku moja nivue viatu. Hapa kuna jambo.

PROFESA — Lipo. Unavuliwa viatu ili usikimbie kabla kitabu hakijaisha. Pale getini niliwaona wasomi wakitoka mbio.

NYUNDO — Hilo afadhali. Mimi nasikia kiatu chenyewe ndicho kinachosomwa. Wanageuza soli, wanajua ulikopita, kwa nani, na mkeo hana habari.

BREKI — Soli inasema yote hayo?

NYUNDO — Mimi nazisoma kila siku, basi tu natunza siri za watu.

Breki akainua mguu, akaitazama soli yake, akaushusha upesi.

PROFESA — Hayo madogo. Vitabu vyao huanzia nyuma kuja mbele. Ukiingia saa kumi, unatoka saa nane.

BREKI — Basi nipelekeni, nirudishiwe nywele!

PROFESA — Zitarudi nywele, na mkeo wa kwanza naye atarudi.

BREKI — Siendi.

Huko juu mjukuu wangu alikuwa akichungulia dirishani kila mara, anahesabu vichwa kwa kidole. Chini, mwenye duka amesimama mlangoni pa duka, futi mkononi, anapima mahali pa kupitisha magunia. Nikaona mzaha umezidi. Nikaweka birika chini.

MIMI — Nyundo, toa mguu.

NYUNDO — Mguu upi?

MIMI — Wowote.

Akavua kiatu kimoja. Kidole gumba kilikuwa nje ya soksi, kimetulia kama mwenye nyumba barazani.

MIMI — Kumbe! Unashona viatu vya mtaa mzima, soksi inakushinda?

NYUNDO — Soksi si idara yangu. Na huyu Breki visigino vyote viwili viko nje, nimeviona aliponiletea viatu.

BREKI — Ukinitaja mimi, umtaje na Profesa!

PROFESA — Mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa sita, kwa hiyo sasa naruhusiwa kuficha.

MIMI — Yaani mtoto anyang'anywe chumba kwa ajili ya vidole vyenu?

Nyundo akarudisha kiatu mguuni. Ndipo akafika mwanamke nisiyemjua, kitabu kwapani, anahema.

MGENI — Hamjambo? Hapa ndipo kwenye hadithi za Kijapani?

MIMI — Ndipo, huko juu. Viatu unaacha mlangoni.

MGENI — Na soksi nazo zinavuliwa?

Breki akamtazama Nyundo, Nyundo akamtazama Profesa, Profesa akatazama barabara. Tumerudisha nywele, tumerudisha mke, na swali hilo halikumjia mtu.

PROFESA — Hilo… linategemea.

MGENI — Linategemea nini?

PROFESA — Breki, nenda kaulize.

BREKI — Nenda wewe, msomi.

NYUNDO — Mkienda nyinyi mtaleta jibu la uongo. Naenda mwenyewe!

Wakainuka wote watatu kwa mpigo, kila mmoja akiogopa mwenzake asije akajua kwanza. Mgeni akawafuata. Walipochelewa kurudi, nilipanda ngazi nusu nikachungulia: jozi kumi na sita mlangoni, na ndani ya kiatu cha Nyundo soksi zimeviringishwa, zimesukumwa hadi nchani. Chini, mwenye duka alikunja futi yake akarudi kaunta bila neno.

Kahawa ilibaki kikombe kimoja, nikainywa mwenyewe. Haikupita robo saa, sauti ya Profesa ikajaa mtaa. Dirisha likafunguliwa.

MJUKUU — Bibi! Njoo umtoe Profesa, anabishana na hadithi!

MIMI — Hesabu yako imetimia, haijatimia?

MJUKUU — Imetimia na mmoja wa ziada.

MIMI — Basi vumilia. Uliomba vichwa, mwanangu. Vichwa huja na midomo.