Gego la Kusagwa

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MARIETHA: Ni mie, mama. Marietha. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Mbona unaongea kama una kiazi cha moto mdomoni?

MARIETHA: Ganzi hiyo. Nipo kwa daktari wa meno huku Temeke. Simu yangu imezima, nimeazima ya mgonjwa mwenzangu na salio lenyewe kiduchu. Nimetuma bodaboda hapo nyumbani. Mpe kile kichupa cha kwenye friji.

MAMA: Kichupa kipi?

MARIETHA: Chenye mfuniko mweupe, pale karibu na mayai.

MAMA: Chenye jino.

MARIETHA: Hicho hicho.

MAMA: Yaani nilikuwa nakusubiri urudi nikuulize. Nafungua friji nichukue maziwa, nakutana na jino limetoa mizizi kama kucha za kuku. Nimetapika, Marietha. Chai sijanywa mpaka saa hizi.

MARIETHA: Ni gego langu, mama, lile alilong'oa daktari Jumamosi. Sasa analisafisha, halafu ana— haloo? Unanipata?

MAMA: Kwa mbali. Analifanyaje?

MARIETHA: Analisaga.

MAMA: Analisaga?

MARIETHA: Linakuwa chenga chenga. Ananijazia kwenye ufizi, hapa mbele penye pengo. Mfupa umelika, hauwezi kushika jino jipya. Zile chenga ndo zinausaidia uote tena.

MAMA: Jino limeshang'olewa, linasagwa kama mahindi ya dona, halafu linarudi mdomoni. Ngoja niteme mate. [anatema] Hata fisi hali mfupa wake.

MARIETHA: Siyo kula, mama. Na halikuoza, liliota kombo tu.

MAMA: Sasa si angelisaga Jumamosi hiyo hiyo?

MARIETHA: Ufizi ulikuwa na usaha, akasema ukauke kwan—

MAMA: Usaha tena. Marietha, nina sahani ya dagaa mbele yangu.

MARIETHA: Ipo na dawa ya unga wa mfupa wa ng'ombe, ila bei yake siiwezi.

MAMA: Ng'ombe wa nani? Aliyekufa na nini? Aka, mie sitaki hata kusikia.

MARIETHA: Mama, tangu nianguke na bajaji nafundisha nimeziba mdomo na mkono. Darasa la tatu wananiita Mwalimu Geti. Nimechoka. Bodaboda kafika?

MAMA: Anapiga honi hapo nje.

MARIETHA: Basi mpe.

MAMA: Sinalo.

MARIETHA: Mama.

MAMA: Nilitoka nalo asubuhi, nimelishikia gazeti, nikalirusha juu ya bati. Si ndo tulivyokuwa tunarusha yenu mkiwa wadogo? Nikajua umesahau kulirusha.

MARIETHA: Mwambie bodaboda apande, atafu—

MAMA: Kunguru kalibeba. Hata halijatulia, kashuka. Kaelekea nalo kule kwenye mitambo ya gesi.

MARIETHA: [anavuta kamasi]

MAMA: Marietha? Unalia?

MARIETHA: Daktari ameshavaa glovu, mama.

MAMA: Mwambie asivue. Nakuja na huyu huyu bodaboda.

MARIETHA: Uje kufanya nini?

MAMA: Nina magego huku nyuma, mazima kabisa. Ang'oe moja alisage.

MARIETHA: Jino lako? Mdomoni mwangu? Mama, we, kinyaa hicho. Na haifai hivyo, linatakiwa la mtu mwenyewe.

MAMA: Mtu mwenyewe ndo nani? Ulipokuwa hujaota hata moja nilikuwa nakutafunia ndizi na meno haya haya. Naitoa kwangu nakutilia wewe, unameza, unafungua mdomo tena. Siku hizo hukuniambia kinyaa.

MARIETHA: Mama...

MAMA: Navaa helmeti. Na huyo daktari asije aka—

MARIETHA: Mama, salio la watu lina—

MAMA: Haloo? Marietha? Haloo?